Mnyororo Upi kwa Upau Upi

Mnyororo wa msumeno wa injini huulizwa dukani kwa inchi, ilhali inchi ndicho kipimo kinachosema machache kuliko vyote. Mteja anayefika kwenye duka la vipuri la Mafinga au Elburgon akataka "cheni ya inchi 20" anaweza kuwekewa mezani minyororo mitatu au minne, yote ni ya inchi 20 kwa haki kabisa, na mmoja tu ndio utakaokaa kwenye msumeno wake. Ule msumeno wa Kichina wa cc 52, unaouzwa kwa majina mengi na umbo lilelile, kwa kawaida huwa na mnyororo wa pichi 0.325, geji 0.058 na ndimi 76. Husqvarna 372 yenye upau wa inchi 20 huchukua pichi 3/8, geji 0.058, ndimi 72. Stihl MS 381 ya inchi 20 nayo huchukua pichi 3/8 na ndimi 72, ila geji yake ni 0.063.

Hiyo tofauti ya mwisho, kati ya geji 0.058 na 0.063, haizidi sana unene wa karatasi ya daftari. Lakini mnyororo wa Stihl hauingii kwenye upau wa Husqvarna, huku wa Husqvarna ukiingia kwenye upau wa Stihl, ukazunguka, ukakata, na kwa siku chache za mwanzo hakuna anayetambua kuwa kuna kosa. Katika kulinganisha mnyororo na upau, kosa linalogoma kuingia ni la bei nafuu, kwa sababu kipuri hurudi dukani kikiwa kipya. Linalotia hasara ni lile linalokubali kuingia.

Ili kujua kosa linajificha wapi, mnyororo wenyewe uangaliwe kwanza. Una viungo vya aina tatu vilivyoshonwa kwa ribiti. Kuna meno ya kukatia, moja la kushoto na moja la kulia kwa zamu. Kuna mabamba ya kuunganishia, ambayo hayana kazi nyingine ila kushikilia. Na katikati kuna viungo vya kuendesha, ambavyo upande wa chini vimechongoka kama ulimi. Ulimi huo ndio unaoteleza ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye ukingo wa upau, yaani ule ubapa mrefu wa chuma unaotokeza mbele ya injini. Ulimi huohuo ndio unaoshikwa na sproketi iliyoungana na klachi, na katika pau nyingi za siku hizi hushikwa tena na sproketi ndogo iliyofichwa kwenye pua ya upau. Katika kila mzunguko, basi, ulimi mmoja hukutana na sehemu tatu: sproketi ya injini, mfuo, na sproketi ya pua. Vipimo vyote vya mnyororo vimezaliwa na makutano hayo.

Umbo la meno lina historia yake. Minyororo ya kwanza ilikuwa na meno yaliyokwaruza mbao kama msumeno wa mkono, ikala muda mwingi wa kunoa. Mwaka 1946 mkata magogo wa Marekani, Joseph Buford Cox, aliangalia buu la mbawakawa likitafuna gogo kwa kwenda kushoto na kulia, akabuni jino lililopinda juu linalochonga mti badala ya kuukwaruza. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni huko Portland, Oregon, na jina la Oregon bado limeandikwa kwenye minyororo na pau zinazouzwa duniani kote. Karibu kila mnyororo unaopatikana leo, wa kiwanda chochote, umefuata wazo hilo, na ndiyo sababu mnyororo wa kiwanda kimoja unaweza kufungwa kwenye upau wa kingine, mradi vipimo vilingane.

Kipimo cha kwanza ni pichi. Pichi ni umbali kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, ukigawanywa kwa mbili. Hupimwa kwa ribiti tatu, si mbili, kwa kuwa nafasi ya ribiti kwenye kiungo cha ulimi na nafasi yake kwenye bamba si lazima ziwe sawa. Rula ya mwanafunzi inatosha. Mnyororo unyooshwe mezani, na umbali wa ribiti tatu usomwe kwa milimita: ukiwa 12.7, pichi ni 1/4, ukiwa 16.5, ni 0.325, ukiwa karibu 18.6, ni 3/8, ukiwa 20.5, ni 0.404. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba 3/8 ya inchi mara mbili ni milimita 19, si 18.6. Rula haijakosea. Jina la 3/8 limezungushwa. Pichi halisi ya mnyororo huo ni inchi 0.366 hivi.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa pichi. Kuna 3/8 mbili. Moja ni ya misumeno ya kazi nzito, kama hiyo MS 381 na Husqvarna 372. Nyingine ni 3/8 ya umbo dogo, inayofungwa kwenye misumeno midogo kama Stihl MS 170 na MS 180, ile ya kupogolea miti na kukatia kuni. Rula haiwezi kuzitenganisha, kwani ribiti zake zimekaribiana mno kwa nafasi. Kinachozitenganisha ni kimo cha jino, uzito wa mnyororo mkononi, na umbo la ulimi. Zikiwekwa sambamba, hata asiye fundi huona kwamba moja ni nyembamba na fupi; ikiwa moja peke yake, hata fundi mzoefu anaweza kupotea. Kila moja ina sproketi yake na pua yake. Muuzaji anayejibu "ni 3/8 tu" bado hajajibu swali.

Pichi huenda na nguvu ya injini. Pichi 1/4 na 3/8 ndogo ni za misumeno midogo na ya betri, 0.325 hukaa kwenye misumeno ya kati, ya cc 40 hadi 60 hivi, 3/8 kamili ni ya misumeno mikubwa zaidi ya hapo, na 0.404 ni ya mashine nzito kama Stihl 070, ambayo injini yake inazidi cc 100 na ambayo bado inasikika kwenye misitu mingi ya Afrika. Jino kubwa hung'oa kibanzi kikubwa cha mti na linahitaji nguvu ya kulivuta. Kufunga 3/8 kamili kwenye msumeno wa cc 45 ili "ukate haraka" huishia kwenye injini inayokwama na klachi inayoteleza.

Pichi isiyolingana na sproketi hujitangaza upesi. Mnyororo wa 0.325 ukiwekwa juu ya sproketi ya 3/8, ndimi haziangukii kwenye nafasi za meno. Hupanda juu yake, mnyororo unaruka kwa mishtuko, na ndimi hutoka makovu. Kwa kuwa pichi inashika sehemu zote tatu, anayetaka kuibadili hana budi kununua vitu vitatu: sproketi ya injini, upau wenye pua ya pichi hiyo, na mnyororo. Upau wa zamani usio na sproketi puani, wenye pua ya chuma kitupu, unasamehe zaidi, kwa sababu ndimi hupita kwenye mfuo tu. Hata hivyo sproketi ya nyuma lazima ibadilishwe.

Kipimo cha pili, geji, ndicho chenye makosa mengi yasiyoonekana. Geji ni unene wa ulimi, na upana wa mfuo unaoupokea. Zinazokutana sokoni ni 0.043, sawa na milimita 1.1, 0.050, milimita 1.3, 0.058, milimita 1.5, na 0.063, milimita 1.6. Ipo pia 0.080, milimita 2.0, ya mashine kubwa za kuvunia misitu, ambayo fundi wa mtaani huenda asiione kamwe. Pichi na geji hazifungamani: 0.325 hupatikana kwa 1.3, 1.5 na 1.6, na 3/8 kamili vilevile. Hata ile 3/8 ndogo hupatikana kwa 1.1 na kwa 1.3, na msumeno wa modeli moja, kwa mfano MS 180, umeuzwa na geji tofauti katika masoko tofauti. Kwa hiyo msumeno ulioletwa kutoka Ulaya na mwingine wa jina lilelile kutoka Marekani unaweza kukataa kuazimana mnyororo.

Ulimi hupimwa kwa venia, na ni vizuri kupima ndimi tano au sita za mnyororo wa zamani kisha kuamini ule ulio mnene kuliko zote, kwa kuwa ulimi nao huliwa ubavuni. Mfuo ni mgumu zaidi kupima, maana midomo ya venia nyingi haiingii. Njia rahisi ni kutumia mashina ya biti za drili: yale ya milimita 1.3, 1.5 na 1.6 huuzwa kwa bei ndogo. Shina laini la biti hulazwa ndani ya mfuo. Lile kubwa kuliko yote linaloingia bila kulazimishwa ndilo geji. Ila pa kupimia ni muhimu kuliko kifaa. Katikati ya upau, ambako mnyororo hukandamiza mchana kutwa, mfuo wa 1.3 unaweza kuwa umepanuka ukasoma 1.5, na mtu akanunua mnyororo kwa kipimo cha uchakavu. Mahali pa kweli ni mkiani, nyuma ya tundu la bolti, ambako mnyororo haugusi kwa nguvu.

Mnyororo mwembamba katika mfuo mpana huanza kwa kuegemea. Ulimi wa 1.3 ndani ya mfuo wa 1.6 una uhuru wa milimita 0.3, na ndani ya mti uhuru huo hauko sawa pande zote: jino lenye makali zaidi huvuta upande wake, mnyororo mzima hulala, na ukingo mmoja wa upau hukandamizwa kuliko mwenzake. Baada ya matanki machache ya petroli, kidole kikipitishwa kwenye ukingo kinakuta kijiwembe cha chuma kimetokeza upande mmoja, na upande wa pili umeliwa ukawa mfupi. Msumeno sasa unakata kwa kupinda. Anayepasua mbao bila fremu, kwa mkono na uzi wa chaki, huona mstari ukimkimbia hata akisahihisha vipi, na mara nyingi hulaumu unoaji wake. Hunoa upya, hubadilisha tupa, na bado ubao unatoka mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni. Wapasuaji wa Kenya wanaochana migrevilea ya mashambani kuwa mbao wanalijua tatizo hili kwa hasara: ubao uliopinda haurudi kuwa mnyoofu ila kwa randa, na kila milimita inayorandwa ni mti wa mkulima uliogeuka vumbi.

Oili nayo hupotea. Mfuo ni njia ya oili pia, na ulimi uliobana ndio unaoisogeza hadi puani. Palipo na nafasi kubwa, oili hurushwa nje njiani na pua hukauka.

Baadhi ya mafundi hugeuza uchakavu kuwa mbinu: upau wa 1.3 ukishapanuka, hufungwa mnyororo wa 1.5. Hili lisifanywe. Mfuo hauchakai kwa usawa kutoka juu hadi chini. Hupanuka mdomoni na kubaki mwembamba sakafuni, kama herufi V. Mnyororo wa 1.5 utabanwa chini, hautakaa kwa kina chake, na ribiti zake zitabeba mzigo ambao zilipaswa kuugawana na kingo za upau.

Geji ina unafuu mmoja wa gharama. Sproketi ya injini ya aina ya pete haijali geji. Pete ileile hubeba 1.3, 1.5 na 1.6 mradi pichi ni moja. Anayehama kutoka 1.5 kwenda 1.3 hununua upau na mnyororo tu.

Kipimo cha tatu hakipimwi, kinahesabiwa: idadi ya ndimi. Mnyororo hulazwa mezani ndimi zikitazama juu, kiungo cha kuanzia kikawekwa alama ya chaki, kisha ndimi zikahesabiwa mbilimbili hadi kurudi kwenye chaki. Zihesabiwe mara mbili. Hesabu ya meno haitoshi, kwa sababu mpangilio wa meno hutofautiana: mnyororo wa kawaida wa ndimi 72 una meno 36, ila mnyororo wa ndimi 84 uliorushwa meno, unaotengenezwa kwa ajili ya pau ndefu, una meno 28 tu.

Idadi hii ndiyo inayofichua udhaifu wa inchi. Inchi zilizoandikwa kwenye upau ni urefu wa kukatia, yaani sehemu inayotokeza nje ya mwili wa msumeno, na hata hiyo imezungushwa. Kiasi kilichofichika ndani ya kifuniko, umbali kutoka sproketi hadi bolti, na ukubwa wa sproketi yenyewe havionekani kwenye namba hiyo. Kwa pichi ileile ya 0.325 na urefu uleule wa inchi 20, msumeno wa Kichina huchukua ndimi 76, Husqvarna 80, Stihl 81. Kwa upande mwingine, upau ambao Stihl inauita wa inchi 25 na ule ambao Husqvarna inauita wa inchi 24, kwa 3/8, zote mbili huchukua ndimi 84.

Kila ulimi mmoja unaleta urefu wa pichi mbili. Kwa 3/8 hiyo ni milimita 18.6 za mzunguko, na kwa kuwa mzunguko una pande mbili, juu na chini ya upau, ulimi mmoja wa ziada humaanisha upau usogezwe mbele milimita 9.3. Kwa 0.325 ni 8.25. Skrubu ya kukaza ina mwendo wake, na mnyororo uliozidi ulimi mmoja mara nyingine hukubali kufungwa kwa kuusogeza upau mbele karibu na mwisho. Kosa hilo nalo ni la aina ile inayokubali kuingia. Mnyororo mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo, ribiti zinapojikalia kwenye matundu yake, na skrubu iliyokwisha mwendo haina pa kuufuata. Mnyororo uliopungua ulimi mmoja, kinyume chake, kwa kawaida haupiti kabisa kwenye pua, na mambo huishia hapo.

Wapo wanaotoa ulimi mmoja kwenye mnyororo uliochakaa ili skrubu ipate mwendo tena. Mnyororo uliorefuka kwa uchakavu umerefuka pichi yake. Kila kiungo kimeachana na jirani yake kidogo. Kuufupisha hakurudishi pichi. Utakaza, ndiyo, lakini utaendelea kutafuna sproketi.

Vipimo vyote vitatu kwa kawaida vimeandikwa tayari. Kwenye upau huchongwa ubavuni karibu na mkia, pale panapoingia chini ya kifuniko, na mara nyingi huwa vimefunikwa na mchanganyiko wa oili na vumbi la mbao tu. Kitambaa chenye petroli kidogo huviibua. Kwenye mnyororo alama ni fupi zaidi. Oregon hugonga namba ubavuni mwa ulimi, na namba hiyo inabeba pichi na geji kwa pamoja: 90 ni 3/8 ndogo ya 1.1, na 91 ni 3/8 ndogo ya 1.3, 72, 73 na 75 ni 3/8 kamili za 1.3, 1.5 na 1.6, 20, 21 na 22 ni 0.325 kwa mpangilio uleule wa geji. 27 ni 0.404 ya 1.6. Hapa pana ajali inayongoja: fundi anayesoma 72 ubavuni mwa ulimi anaweza kudhani ni idadi ya ndimi. Si idadi. Idadi haigongwi kwenye kiungo. Huandikwa kwenye sanduku, na sanduku hutupwa siku ya kwanza.

Stihl hugawa alama mahali pawili. Kwenye kizuio cha kina, ile nundu iliyo mbele ya makali ya kila jino, hugongwa namba ya pichi: 1 kwa 1/4, 2 kwa 0.325, 3 kwa 3/8, 4 kwa 0.404, na 6 kwa 3/8 ndogo. Kwenye ulimi hugongwa tarakimu ya mwisho ya geji kwa milimita: 1 kwa 1.1, 3 kwa 1.3, 5 kwa 1.5, 6 kwa 1.6. Jina la mnyororo hufuata mpangilio huohuo, hivi kwamba 36 RS ni 3/8 yenye geji 1.6, na 63 PM ni 3/8 ndogo yenye geji 1.3. Ni mfumo mzuri sana kwa fundi wa kijijini, kwani hata kipande cha mnyororo uliokatika, kilichookotwa chini ya benchi, kinaweza kujieleza chenyewe. Minyororo mingi ya bei ya chini huja bila alama yoyote, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kuipima kabla ya kuilipia.

Upau mpya ukinunuliwa badala ya mnyororo, huongezeka jambo la nne: mkia. Mkia una mwanya wa bolti, vitundu vya kupokea pini ya skrubu ya kukaza, na tundu la oili. Kila kundi la misumeno lina mpangilio wake. Katika hesabu ya Oregon, D025 ni mkia wa Stihl kubwa, D009 ni wa Husqvarna kubwa, na K095 ni wa Husqvarna ndogo. Upau unaweza kuwa na pichi, geji na ndimi sahihi na bado usikae. Mbaya zaidi ni ule unaokaa kwenye bolti huku tundu lake la oili likiangukia penye chuma kitupu cha mwili wa msumeno. Mnyororo utazunguka mkavu. Pua hugeuka rangi ya samawati kwa joto, na rangi hiyo ni dalili kwamba ugumu wa chuma umekwisha kupotea. Mwanya wa mkia usichongwe kwa tupa wala kwa grainda ili "ukubali". Tundu la oili halitahama pamoja nao.

Baada ya vipimo kulingana, bado kuna kulingana kwa umri. Sproketi ya injini huchimbwa na ndimi hadi meno yake yakawa na mabonde. Stihl huweka mpaka wa bonde kuwa milimita 0.5, zaidi ya hapo sproketi itolewe. Mnyororo mpya juu ya sproketi iliyochimbika huvaa uchakavu wa mwenzake ndani ya siku chache, na fedha ya mnyororo ikawa imetumika kununua nusu ya maisha yake. Utaratibu wenye faida ni kuwa na minyororo miwili kwa sproketi moja, ikifungwa kwa zamu ili yote izeeke pamoja, kisha vyote vitatu vibadilishwe kwa wakati mmoja.

Upau huchunguzwa kwa kina cha mfuo. Stihl inataja kina cha chini kabisa kinachokubalika: milimita 5 kwa 3/8 ndogo, 6 kwa 0.325 na kwa 3/8 kamili, 7 kwa 0.404. Chini ya hapo ncha za ndimi hugusa sakafu ya mfuo, na dalili huonekana kwenye mnyororo kabla ya kuonekana kwenye upau, kwa kuwa ncha zilizokuwa kali huwa butu na zenye kung'aa. Kulegea kwa mfuo hujulikana kwa rula iliyonyooka: huegemezwa ubavuni mwa upau huku ikigusa ubavu wa jino. Ikibaki nafasi ndogo kati ya rula na upau, kingo bado zinashika. Nafasi ikitoweka, mnyororo umelala, na mpya nao utalala hivyohivyo. Upau ugeuzwe juu chini kila mnyororo unapobadilishwa, maana ukingo wa chini ndio unaofanya kazi nyingi, na kijiwembe cha chuma kilichotokeza kipigwe tupa bapa mapema.

Aina ya jino haihusiani na upau, ila huchaguliwa wakati huohuo, na kosa lake hulipiwa kwenye upau huohuo. Jino lenye kona kali hukata haraka kwenye mti laini na safi, kama misindano ya shamba la Sao Hill kule Mufindi, lakini kona hiyo huvunjika upesi ikikutana na mchanga kwenye gome. Jino lenye kona iliyoviringwa hukata polepole kidogo na hudumu kwenye mninga, mpingo na magogo yaliyoburutwa ardhini. Kwa mazingira mengi ya Afrika Mashariki ndilo chaguo la busara zaidi. Kwa kupasua mbao kwa kufuata nyuzi za mti, makali ya juu ya jino hunolewa kwa nyuzi 10 badala ya 30 za kukata gogo kimkingamo, na ipo minyororo inayotoka kiwandani ikiwa na pembe hiyo. Tupa ya mviringo hufuata pichi: milimita 4.0 kwa 3/8 ndogo, 4.8 kwa 0.325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kamili kulingana na kiwanda, na 5.5 kwa 0.404. Tupa nyembamba mno huchimba chini ya jino na kuacha makali dhaifu kama ukucha. Tupa nene hupitisha makali juu bila kuyapa mpindo.

Minyororo pia huja kwa roli. Roli ya futi 100 ya 0.325 ina ndimi 1840, ya 3/8 kamili ina 1640, ya 0.404 ina 1480, na duka lenye mashine ya kukatia na kugongea ribiti linaweza kumtolea mteja idadi yoyote anayotaka. Hii ndiyo njia ya kutoka kwa mwenye msumeno wa ndimi 81 katika mji unaouza 72 na 76 peke yake. Mabamba ya kufungia yawe ya kiwanda kilekile na mnyororo uleule, kwani kipenyo cha ribiti na unene wa bamba hutofautiana hata pale pichi na geji zinapofanana. Bamba lenye ribiti huingizwa kwa upande wa ndani, lisilo na ribiti huwekwa nje, na vichwa vya ribiti hugongwa hadi vishike huku kiungo kikibaki huru kupinda. Kiungo kigumu kama ukuni kitapanda juu ya pua katika kila mzunguko. Kilichogongwa nusunusu kitafunguka kwenye kasi, na mnyororo unaofunguka huelekea upande wa mtu aliyeshika msumeno. Kuunga kwa nyundo na msumari juu ya jiwe, ambako huonekana porini, ni hatari isiyolipwa na chochote.

Mnyororo uliolinganishwa vizuri hujaribiwa injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Ndimi huketishwa kwenye sproketi, kisha kwenye mfuo kuanzia juu hadi puani, pua ya upau ikiinuliwa kwa mkono wakati skrubu inakazwa na nati zikifuata. Ukivutwa kwa mkono wenye glavu, mnyororo unapaswa kuzunguka duara zima bila mahali pa kukwama, ukiwa umegusa ukingo wa chini wa upau bila kuning'inia. Jino likisukumwa kushoto na kulia kwa kidole gumba lisilale. Ndipo injini iwashwe na pua ielekezwe kwenye gogo kavu au karatasi, bila kuligusa, kwa kasi ya kati: mstari mwembamba wa oili ukijichora hapo, tundu la mkia limekutana na njia yake. Mnyororo hukazwa upya baada ya mikato michache ya kwanza, ukiwa umepoa, na hulegezwa kidogo jioni kazi inapokwisha, maana chuma kilichotanuka kwa joto husinyaa usiku na kuuvuta mhimili wa sproketi.